Nusu ya Kopo la Mama

Jumatatu, 4 Machi

Wiki ya tatu ya kustaafu. Leo baba watoto amegoma. Nilimfuata na mashine ya presha kwa mara ya tatu kabla hata ya chakula cha mchana, akaficha mkono nyuma ya mgongo kama mtoto aliyeiba sukari. Amesema yeye ni mwalimu, si mgonjwa. Kama nimeikumbuka wodi nitafute kitu cha kushika, ila si mkono wake!

Nimenuna mpaka saa kumi. Lakini ukweli anao. Miaka thelathini na nne ya unesi kwenye chumba cha upasuaji — mikono hii haijui kukaa bure. Visu vya jikoni nimeshavipanga kwa urefu. Taulo nimezikunja pembe kwa pembe. Jana nimejikuta nahesabu vijiko baada ya kuosha vyombo, nikihofia kimoja kimesahauliwa ndani ya mtu. Nimecheka peke yangu kama mwehu.

Basi jioni nimepanda juu ya kiti, nikalishusha kopo la Mama kutoka juu ya kabati. Nusu ya kopo, niseme kweli. Nusu nyingine anayo mdogo wangu.

Jumanne, 5 Machi

Niandike vizuri, hapa hakuna wa kunisoma.

Mama alifagia nyumba ya wageni miaka ishirini na ushee. Wageni wakiondoka waliacha mezani visarafu vya kwao, visivyonunua hata kiberiti huku kwetu. Mama akavileta nyumbani. Kopo la maziwa ya unga likajaa. Zenye tundu katikati, zenye pembe, zenye ndege, zenye wafalme wa pua ndefu. Hakujua kusoma hata moja, alizipenda tu. Mimi nilikuwa chuoni, nalala bweni, kisha kazi na ndoa. Mdogo wangu ndiye aliyekuwa naye.

Mama alipofariki, ikafika siku ya kugawana vitu vyake. Mkubwa ni mimi. Nimechoka, nina zamu kesho yake. Nikaleta mizani ya hospitali. Nikapima sarafu zote, nikazigawa mafungu mawili, gramu kwa gramu. Haki bin haki! Mdogo wangu alikuwa anasema kitu, nikamwambia anyamaze nisije nikakosea hesabu. Akanyamaza. Nilipomaliza akasema nimemgawa Mama kama dozi. Akafunga fungu lake kwenye kitambaa, akaondoka.

Miaka tisa. Harusi ya binti yangu hakuja. Nilipopasuliwa nyongo hakuja. Na mimi kwake sijakanyaga — kiburi, si kingine. Na tunaishi mji mmoja, mwendo wa nusu saa!

Namtaka mdogo wangu arudi. Haya, nimeandika.

Kidonda kilianzia kwenye kopo, basi na mimi nitaanzia kwenye kopo. Nitazijua hizi sarafu moja moja, nitazipanga kama wanavyozipanga watu wenye kazi yao. Nikiwa nazo mkononi nitakuwa na la kumwambia.

Alhamisi, 7 Machi

Leo nimefanya kazi, jamani!

Sarafu kumi na moja. Nimezichemsha dakika ishirini kamili. Halafu mswaki, dawa ya meno, na zile zilizokaidi nimezipa chuma cha kusugulia sufuria. Mwisho spiriti na pamba. Uchafu uliotoka ungedhani nimeosha injini. Nimezipanga kwenye trei juu ya kitambaa cheupe, zinang'aa mpaka zinaumiza macho.

Baba watoto amechungulia, akauliza tunampasua mfalme yupi leo. Nikamwambia atoke, ana vijidudu.

Nimelala mchana. Usingizi mtamu sana.

Ijumaa, 8 Machi

Aibu! Aibu tupu!

Nimekwenda kwa fundi saa, yule wa chini ya ngazi, pembeni ya duka la vitabu. Wote wanamwita Jicho kwa sababu ya ile lenzi aliyoibana jichoni kutwa nzima. Nilisikia naye anakusanya sarafu, na mimi nilitaka lenzi. Nikabeba na kazi yangu nimwonyeshe. Maringo!

Akaichukua moja kwa ukingo, kwa ncha za vidole, kama mtu anavyoshika makaa. Akaitazama. Akashusha pumzi. Akauliza ni nani aliyeifanyia hivi.

Nikamwambia mimi.

Akanipa lenzi nitazame mwenyewe. Mungu wangu. Kile nilichokiona kinang'aa ni mikwaruzo, mamia kwa mamia, kila upande. Amesema ile rangi ya uzee niliyoiita uchafu ndiyo ngozi ya sarafu. Nimeichuna. Sarafu haisuguliwi, haipakwi dawa, haipigwi spiriti. Ikizidi sana, unailaza kwenye maji safi yasiyo na chumvi, unaiacha ikauke yenyewe. Mwisho. Nimwambie nini? Miaka thelathini na nne nimewafundisha watu kusafisha, leo nafundishwa kuacha uchafu.

Lakini hakunifukuza. Alifunga saa ya mtu, akachukua bahasha, akaniandikia nyuma yake vitu vya mtu anayeanza. Akaniuzia lenzi yake ya akiba, ya kukuza mara kumi. Nimerudi nimeinamisha kichwa, ila bahasha nimeishika vizuri.

Jumamosi, 9 Machi

Kutwa nzima madukani. Miguu inawaka.

Glavu. Nikasema hizo ninazo, boksi zima! Kumbe Jicho amekataza za mpira, zina unga. Anataka za pamba. Nimezunguka maduka manne. Nimezipata kwenye duka la sare za wahudumu wa hoteli, pea mbili. Muuzaji aliniuliza nimeajiriwa wapi. Nikamwambia nyumbani.

Albamu. Jicho alisema nizinuse. Plastiki laini inayonuka kama pazia jipya la bafu ni sumu, baada ya miaka inatoka jasho na kuzigeuza sarafu kijani. Basi nimesimama pale nanusa albamu moja baada ya nyingine, mpaka yule binti wa dukani akamwita mwenzake aje kuona. Waone! Ya sita haikunuka kitu. Nimeichukua.

Daftari gumu. Penseli, kwa sababu mwanzoni mtu hukosea sana. Bahasha ndogo za karatasi kwa zile ambazo bado sijazijua. Taa ya mezani yenye shingo ya kupinda. Vile vipakiti vya kunyonya unyevu havikunigharimu, nimevitoa kwenye maboksi ya viatu.

Na mizani. Ipo kwenye bahasha ya Jicho, ameipigia na mstari: ndogo, ya kusoma mpaka nukta ya gramu, eti sarafu ya bandia hujulikana kwa uzito. Nimeikuta. Bei nafuu. Nimeishika, nikairudisha rafuni. Nikaishika tena. Mkono umekataa. Nimeiacha.

Jumapili, 10 Machi

Leo mwandiko utakuwa mbaya.

Asubuhi nilijiandalia meza. Kitambaa chini, ili sarafu ikianguka isiumie. Taa nimeiinamisha ije kwa ubavu, si kutoka juu — Jicho anasema mwanga wa ubavu ndio unaosema siri. Glavu. Lenzi karibu kabisa na jicho, halafu sarafu ndiyo inayosogea, si kichwa. Nimeanza na zile ambazo sikuziharibu.

Ya kwanza, ya ndege. Chini kabisa, karibu na ukingo, kuna kamstari. Kadogo, urefu wa punje ya mchele. Nikasema mkwaruzo. Ya pili, ya mfalme. Mistari miwili, pale pale chini, imelingana. Ya tatu, mmoja. Ya nne, miwili.

Nikavua miwani, nikaifuta, nikavaa. Zote! Kila moja ina mstari mmoja au miwili, na mahali ni pale pale. Si wageni waliofanya hivyo. Ni mkono mmoja, na ncha kali.

Mama hakujua kuandika. Lakini alikuwa na watoto wawili, na mpaka mbili alijua kuhesabu vizuri sana.

Mstari mmoja ni mimi, mtoto wa kwanza. Miwili ni mdogo wangu. Alikuwa ameshazigawa! Kila alipoileta sarafu nyumbani alijua ni ya nani, akaiandika jina kwa namna aliyoweza. Halafu nikaja mimi na mizani yangu.

Fungu langu lina sarafu sitini na tatu. Ondoa zile kumi na moja nilizosugua, zinabaki hamsini na mbili. Zenye mistari miwili ni thelathini na moja. Thelathini na moja! Miaka tisa nimekalia mali ya mdogo wangu juu ya kabati, na zangu anazo yeye.

Na zile kumi na moja nimezitazama kwa lenzi, kwa taa, kwa kila upande. Hakuna kitu. Nyeupe pe. Nimemfuta Mama kwa chuma cha sufuria.

Jumatatu, 11 Machi

Nimelia, nimekunywa chai, nimelia tena. Majuto ni mjukuu, wamesema wenyewe.

Baba watoto ameniacha mpaka nimalize, halafu akasema nimpigie. Nikamwambia sina namba yake. Akasema yeye anayo. Kwa utulivu kabisa! Kumbe kila sikukuu humpigia shemeji yake, miaka yote tisa, huku mimi nipo jikoni. Anajua habari zake zote — kwamba siku hizi anaoka keki za oda, anazipeleka mwenyewe, ana wateja mpaka anakataa wengine.

Nimekasirika robo saa. Kisha nikamuuliza anaendeleaje, mzima? Akasema mzima.

Presha leo nimejipima mwenyewe. Siiandiki.

Jumanne, 12 Machi

Kwa Jicho tena. Nimemuuliza kama mstari uliofutika unaweza kurudi. Akacheka kidogo, akaona sicheki, akatikisa kichwa. Haurudi.

Nikamwonyesha zile zenye alama. Akaziangalia muda mrefu. Akasema kwa mkusanyaji, sarafu iliyochorwa imeharibika. Kwa hiyo hizi zote za mama yangu, hata nisingechemsha, hazina bei. Aliniambia kwa huruma, kama anavyosema daktari. Nikamwambia nashukuru! Sijawahi kufurahi hivyo kuambiwa nina takataka. Hakuna wa kuzitaka ila sisi wawili.

Nilipokuwa natoka akauliza ni nani mwingine aliyeziona sarafu hizi zikiwa mpya nyumbani. Maana chuma kimesahau, amesema, lakini labda mtu hajasahau.

Nimetembea kwa miguu mpaka nyumbani. Sikuona hata nilikopita.

Jumatano, 13 Machi

Nimepiga.

Mara ya kwanza nilikata kabla haijaita. Sikio la kufa halisikii dawa, nikajiambia, na wewe si wa kufa. Nikapiga tena.

Akasema nani. Nikasema mimi. Akasema mimi nani. Sauti ni ile ile, nzito kidogo. Nikataja uhusiano wetu kama naandikishwa mapokezi: dada yako.

Nyuma yake mashine ya kuchanganyia unga ilikuwa inaunguruma. Akaizima.

Nilikuwa nimejiandikia maneno kwenye karatasi, sikuyaona hata moja. Nikamwaga yote kwa pamoja: mistari, thelathini na moja zake, kumi na moja nilizoharibu. Akauliza nimeziharibu vipi. Nikamwambia nimezichemsha. Dakika ishirini.

Akasema: umezichemsha? Kama sindano?

Halafu ikatoka sauti. Sijui alikuwa anacheka au analia. Nimekaa na watu wenye maumivu maisha yangu yote, naijua kila sauti ya binadamu, na hiyo sikuijua. Kisha akakata.

Hakunitukana. Naliandika hilo tena: hakunitukana.

Jumamosi, 16 Machi

Kimya. Sijapiga tena, dawa haizidishwi.

Nimenunua albamu ya pili. Yule binti wa dukani aliponiona akaninusia mwenyewe, akanipa isiyonuka. Tumekuwa mashoga sasa. Nimeweka zenye mistari miwili kwenye hiyo mpya, zote thelathini na moja, kila moja kwenye kijumba chake. Kwenye daftari nimeandika nchi, mwaka, picha, na mwisho wa kila mstari: ya mdogo wangu. Mara thelathini na moja. Mkono umeuma, lakini nimeandika kwa kirefu.

Kumi na moja ziko kwenye bahasha za karatasi. Sijaandika kitu juu yake.

Jumatatu, 18 Machi

Baba watoto ameingia anajitia hamnazo, anapiga mluzi. Nikajua ana habari. Shemeji yake ameuliza nyumba yetu ina geti la rangi gani siku hizi. Jumamosi ana keki ya kupeleka upande huu.

Hakusema atakuja. Ameuliza rangi tu.

Geti nimelisafisha. Hilo linaruhusiwa!

Alhamisi, 21 Machi

Nimepanga meza, nimepangua. Nimepanga. Baba watoto amesema nikiendelea atahamia shuleni. Nimemwomba Jumamosi atoke kidogo. Akasema alishapanga kutoka tangu Jumatatu.

Jumamosi, 23 Machi

Naandika haraka, nipo chumbani, nimemwambia nafuata miwani. Miwani ninayo usoni.

Amekuja saa saba na nusu. Boksi kubwa la keki mikononi, mkoba begani. Amenenepa kidogo, amependeza. Amefanana na Mama kwenye kidevu mpaka nikashika mlango. Nikasema karibu. Akasema amepita tu, hakai, keki ya watu inangojwa saa tisa. Nikaiweka juu ya friji. Nimemvutia kiti. Akasimama pembeni yake.

Akatoa kitambaa mkobani, kile kile, akakifungua mezani. Hazijaguswa! Zimefubaa, zina madoa, nzuri ajabu. Akaanza kuzishika kwa mkono mtupu, dole gumba katikati ya uso wa mfalme, na unga wa keki kwenye kucha. Glavu zilikuwa pale pale mbele yake. Nimeuma ulimi. Sijawahi kufanya kazi ngumu kama hiyo.

Nikamwonyesha mstari kwa lenzi. Akasema hahitaji lenzi. Mama alikuwa anachora kwa sindano yake ya kushonea, usiku wa siku aliyoileta sarafu, na yeye ndiye aliyekuwa anamshikia taa. Anaijua kila moja. Nikamuuliza mbona siku ile hukusema.

Akanitazama kwa mara ya kwanza tangu aingie. Akasema: nilisema. Nilisema zina wenyewe. Wewe ulikuwa unasoma mizani.

Ndiyo. Lile ndilo neno nililomnyamazisha nisikosee hesabu.

Nimemwambia nimekukosea. Sikusema “ikiwa nimekukosea”. Nimekukosea, siku ile na miaka yote tisa, nisamehe mdogo wangu. Machozi yakanitoka mbele yake, mimi ambaye msibani sikulia nikaenda kazini.

Alivuta zile bahasha kumi na moja, akazimwaga. Akaziangalia zinavyong'aa, akasema hata vijiko vyake vya keki havijasuguliwa hivi. Akachukua yenye tundu, akaigeuza, akaisogeza upande wangu: hii Mama aliletewa na mgeni uliporudi na cheti chako, alizunguka nayo mtaa mzima. Yenye ndege wawili akaiweka upande wake. Nne amezijua hivyo. Ya tano ameishika muda mrefu sana, haisogezi huku wala kule. Hapo ndipo nikaja kufuata miwani.

Saa ya ukutani inasema tisa na robo. Keki ya watu bado iko juu ya friji yangu. Simu yake imeita mara mbili, hajapokea.

Nimesikia kiti kinavutwa. Amekaa!

Sasa anaita. Anauliza kama nyumba hii ina sindano ya kushonea, au ni zile za kuchomea watu tu.